Namba ya Babu wa Stoo: Nilivyotafuta Sesheni Iliyokuwa Ikipotea

Masika ndiyo msimu wetu sisi watengeneza tovuti wa Moshi. Kuanzia Machi hadi Mei mlima Kilimanjaro unajifunika mawingu, wageni wanapungua, na wenye kampuni za kupandisha watalii wanapata nafasi ya kukaa na mtu wa kompyuta wakazungumza. Mwaka huo nilipata kazi kwa Mama mmoja mwenye kampuni ndogo. Ofisi yake ipo ghorofani, si mbali na soko la Mbuyuni, na nyuma yake kuna nyumba ya kulala wageni. Alikuwa amechoka kuandikiana barua pepe na kila mgeni mpaka usiku wa manane. Alitaka mgeni ajaze mwenyewe: ukurasa wa kwanza achague njia na tarehe, Marangu siku sita, Machame siku saba au Lemosho siku nane, wa pili aandike jina, pasipoti na habari za afya, wa tatu achague vifaa vya kukodi, kuanzia mfuko wa kulalia hadi fimbo, wa nne ahakiki na kutuma.

Nikaijenga kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Kwenye laptopu yangu, ndani ya XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta yako kuwa seva ya majaribio, kila kitu kilikwenda sawasawa, nikajaza maombi ya majaribio mara nyingi hata nikayachoka. Mwanzoni mwa Juni nikaihamishia kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza tovuti, nikamwita Mama aone. Akavaa miwani, akachagua Lemosho, akabonyeza "Endelea". Ukurasa wa pili ukafunguka na maneno mekundu juu: "Tafadhali chagua njia kwanza." Akarudi nyuma, akachagua tena. Yale yale. Akavua miwani taratibu.

"Mwanangu, wageni wa Julai wanaanza kuulizia wiki hii."

"Nitalimaliza, Mama."

Siku mbili zilizofuata nataka nizieleze wazi, kwa sababu naona vijana wengi wanazipitia vilevile. Nilibandika session_start(), amri ya PHP ya kuanzisha sesheni, yaani kumbukumbu ya muda ya yale mgeni aliyojaza, kwenye kila faili, mengine mara mbili. Nilibadilisha majina ya vigeu, vile visanduku vya kuwekea data ndani ya programu. Nilifuta kila kitu kwenye seva nikapandisha upya. Niliwaandikia watoa huduma wa seva, wakajibu kwamba upande wao hakuna tatizo, tatizo lipo kwenye programu yangu. Kila nilichofanya kilikuwa cha kubahatisha, na kila kilipokataa nilibahatisha kingine juu yake, mpaka nikawa sikumbuki tena nimebadilisha nini.

Siku ya pili jioni nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanikera. Niliacha kabisa sesheni, nikayaweka majibu ya mgeni kwenye visanduku vilivyofichwa ndani ya fomu, ili kila ukurasa uyapokee na kuyapeleka mbele. Ikafanya kazi! Nikafurahi. Lakini pamoja na njia na tarehe nilikuwa nimeficha humo na bei. Mtu yeyote anayejua kubonyeza F12, kitufe kinachofunua undani wa ukurasa, angeweza kuifungua fomu, akaifuta bei ya Lemosho, akaandika dola kumi, na mfumo wangu ungempokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nimkabidhi Mama kazi ikiwa hivyo.

Aliyenizuia ni Babu wa stoo, na yeye wala hakujua kama ananizuia.

Babu alikuwa mpagazi miaka mingi, kisha mpishi wa mlimani, na magoti yalipochoka Mama akampa kazi ya kutunza mizigo. Mgeni anayepanda hachukui kila kitu. Lile begi kubwa la safari linabaki Moshi mpaka atakaposhuka. Asubuhi hiyo kundi lilikuwa linaondoka kwenda geti la Machame, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi la stoo nikisubiri ofisi ifunguliwe. Babu alikuwa na vipande vya boksi la biskuti vilivyofunikwa kwa selotepu. Kila kipande ameandika namba ileile mara mbili kwa kalamu nene, halafu anakikata katikati kwa mkasi, mkato wa kupindapinda kama meno ya msumeno. Nusu moja anaifunga kwenye begi kwa kamba ya katani, nusu nyingine anampa mgeni. Kisha anaandika kwenye kaunta buku: namba, jina, rafu.

"Shikamoo, Babu. Mbona unakata mapindo namna hiyo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Namba mtu anaweza kuandika ya kwake. Mapindo haya hayaigiki."

Kabla kundi halijaondoka, akaja mgeni mmoja aliyeshuka kwa njia ya Mweka jana yake, anataka begi lake. Kwenye rafu halikuwepo. Mgeni akaanza kuhangaika, kijana mmoja wa ofisi akaingia akaanza kuvuta mabegi chini moja baada ya jingine. Babu akamwambia, "Acha kwanza." Akamwomba mgeni nusu yake ya namba. Akaitazama kama ni ya kwake kweli. Akafungua kaunta buku akaona kwamba begi hilo lilipokelewa. Hapo ndipo akajua kuwa namba ilitoka, namba imerudi, basi kilichobaki ni begi lenyewe, na begi akalikuta rafu ya juu, walikolihamishia siku mvua ilipoingia kwenye paa. Haikuchukua dakika tatu.

Mimi siku mbili nzima nilikuwa yule kijana anayevuta mabegi chini.

Nikapanda ghorofani nikafungua laptopu, nikaanza kuufikiria mfumo wangu kama stoo ya Babu. Seva haikumbuki ni nani aliyeiomba ukurasa dakika moja iliyopita. Kila ombi kwake ni la mgeni mpya. Ndiyo maana PHP, tangu toleo la 4 la mwaka 2000, inakuja na sesheni ndani yake. Ukiita session_start(), PHP inatunga namba ndefu ya kubahatisha, inaipeleka kwenye kivinjari cha mgeni, yaani programu anayofungulia tovuti, ndani ya kuki, kipande kidogo cha data ambacho kivinjari hukitunza, inayoitwa PHPSESSID, na kwenye seva inafungua faili ambalo jina lake linaanza na sess_ likifuatiwa na namba hiyohiyo. Mgeni anabaki na nusu ya namba. Begi linabaki kwenye seva. Kila anapofungua ukurasa mwingine, kivinjari kinarudisha namba, na PHP inakwenda kulitafuta begi.

Kwa hiyo badala ya kubahatisha, nikaandika mistari mitatu mwanzoni mwa ukurasa wa kwanza na wa pili, chini tu ya mstari unaoliita faili la mipangilio; wa kwanza unaanzisha sesheni, wa pili unachapa namba, wa tatu unachapa kilichomo ndani ya begi:

session_start();
echo session_id();
var_dump($_SESSION);

Majibu yanayoweza kutoka hapo ni ya aina tatu, na kila moja linakupeleka mahali pake. Namba ikiwa tupu, sesheni haikuanza kabisa. Mgeni hakupewa namba. Namba ikiwepo lakini inabadilika kila ukurasa, mgeni alipewa ila hairudi. Namba ikiwa ileile kurasa zote lakini ndani hamna kitu, tatizo lipo stoo. Ningefanya hivi siku ya kwanza, ningeokoa usingizi wa siku mbili.

Kwangu namba ilikuwa tupu.

Hili la namba tupu nataka nikae nalo kidogo kwa sababu linadanganya vibaya. Kuki inasafiri kwenye hederi za jibu la seva, yaani maelezo yanayotangulia ukurasa wenyewe, na hederi ni kama maandishi ya juu ya bahasha: lazima yatangulie barua. Seva ikishatoa hata herufi moja ya ukurasa, bahasha imefungwa, na session_start() ikiitwa baada ya hapo inakataa. Lakini $_SESSION inaendelea kukubali kuandikwa kama kigeu kingine chochote. Ukiweka njia humo na kuisoma palepale, unaiona. Unaamini imehifadhiwa. Ukurasa ukiisha, nayo inakwisha.

Onyo lilikuwepo muda wote. Kwenye seva ile maonyo hayakuonyeshwa kwenye skrini, ambayo ni sahihi kwa tovuti ya wateja, lakini yalikuwa yanaandikwa kwenye faili la makosa ambalo sikuwa nimelifungua hata mara moja. Nilipolifungua nilikuta mstari uleule umejirudia ukurasa mzima: hederi zimekwisha kutumwa, na jina la faili lililosababisha. Ukitaka kujua ndani ya programu yenyewe, headers_sent() ukiipa vigeu viwili inakutajia faili na mstari.

Faili lenyewe lilikuwa la mipangilio, lenye namba ya simu ya ofisi na anwani. Nilikuwa nimelihariri siku ya kulipandisha, kwa Notepad, kwenye kompyuta ya zamani ya ofisini. Nikilitazama kwa macho halikuwa na kasoro. Nikalifungua kwa programu inayoonyesha baiti, vile vipande vidogo vinavyounda faili, na mwanzoni kabisa, kabla ya alama ya kufungua PHP, zikaonekana baiti tatu: EF BB BF. Ni alama ambayo Notepad ya zamani huiweka mwanzoni mwa faili lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Haionekani, haichapwi, lakini ni herufi, na ilikuwa inatoka kabla ya sesheni kuanza. Kwenye laptopu yangu hata kama ingekuwepo isingeniumiza, kwa sababu XAMPP ilikuwa imewekwa ikusanye baiti 4096 kwanza kabla ya kutuma chochote, hivyo bahasha ilibaki wazi. Seva haikuwa na mpangilio huo.

Nikalihifadhi faili upya bila alama ile. Namba ikatokea. Mama akachagua Lemosho, na ukurasa wa pili ukaandika "Lemosho, siku nane". Visanduku vyangu vya kuficha bei nikavifuta siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata likaja la pili, na hili lilikuwa la kuchanganya zaidi kwa sababu kwa wengine mfumo ulifanya kazi na kwa wengine ukakataa. Mimi nikijaribu, sawa. Mama akijaribu kwa simu yake, inakataa. Mistari mitatu ikanionyesha kuwa kwenye simu yake namba inabadilika kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili. Nikamwomba aniandikie anwani anayoingilia. Aliandika jina la tovuti bila www, kama lilivyo kwenye kadi zake. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuandika www, na kitufe cha "Endelea" nilikuwa nimekielekeza kwenye anwani kamili yenye www. Kivinjari kinazihesabu hizo kama nyumba mbili: kuki iliyotolewa na moja haipelekwi kwa nyingine isipokuwa umeruhusu hivyo. Nikaiamuru seva imhamishe kila anayeingia kwenye anwani moja tu, na ndani ya kurasa nikaacha kuandika anwani kamili. Likaisha.

Katikati ya Julai Mama akanipigia simu usiku. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa ameandika kwamba amejaza maombi mara tatu na mara zote yamepotea, sasa anaomba radhi lakini atatafuta kampuni nyingine. Mama alinisomea barua ile yote kwa simu. Niliumia sana. Mtu huyo alikuwa amekaa miaka akiusubiri mlima huu, na kilichomkwamisha ni fomu yangu.

Nilijaribu kila njia, haikupotea. Nikajaribu usiku, haikupotea. Kesho yake nikafikiri: ukurasa wa pili unamuuliza mtu presha, dawa anazotumia, namba ya pasipoti na namba ya bima. Mtu wa umri ule haviandiki kwa kichwa. Anainuka akatafute pasipoti, anampigia daktari wake, anakunywa chai. Nikachagua njia, nikaenda mgahawa wa chini nikala mtori taratibu, nikarudi baada ya nusu saa na kubonyeza "Endelea". "Tafadhali chagua njia kwanza." Namba ileile, ndani hamna kitu. Begi limetolewa stoo mwenyewe hayupo.

Kwa mpangilio wa kawaida PHP inahesabu data ya sesheni kuwa imechakaa baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24 tangu iguswe mara ya mwisho. Nikaongeza mpangilio wa muda huo, session.gc_maxlifetime, hadi saa mbili ndani ya programu. Haikusaidia, na hapo nilikwama siku nzima. Mafaili ya sesheni ya tovuti zote zilizokodi seva ile yalikuwa yanakaa folda moja, na aliyeyasafisha ni kazi ya seva yenyewe inayopita kila baada ya muda, ikifuata mipangilio ya seva. Ya kwangu haikuwa na habari nayo. Ilikuwa kama kumwekea Babu barua mezani wakati anayefagia stoo ni mtu mwingine.

Nikatengeneza folda yangu, nje ya sehemu inayofunguka kwa mtandao, nikaifunga ruhusa mpaka programu yangu tu iweze kuisoma, nikaielekeza session.save_path, mpangilio wa mahali pa kuweka mafaili ya sesheni, huko kabla ya session_start(). Ile ruhusa nilikaza kwa sababu moja. Nilipolifungua faili mojawapo kuhakikisha limeandikwa, nilikuta hivi:

njia|s:7:"Lemosho";siku|i:8;

na mbele yake jina la mtu na dawa zake za presha, maandishi wazi kabisa. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuikubali folda ya wote kwa kazi inayobeba afya za watu.

Mgeni yule nilimwandikia mwenyewe, kwa jina langu, nikamweleza kosa lilikuwa letu. Mama naye akamwandikia. Alirudi, akapanda Septemba.

Lakini Septemba hiyohiyo mfumo ukasimama kabisa, na safari hii kwa kila mtu. Faili la makosa, ambalo sasa nilikuwa nalifungua kila asubuhi kabla ya chai, lilisema nafasi niliyopewa imejaa. Nikashangaa, maana tovuti yenyewe ilikuwa ndogo. Ukubwa haukuwa tatizo. Idadi ya mafaili ndiyo ilikuwa imefika kikomo cha akaunti. Folda yangu ya sesheni ilikuwa na mafaili zaidi ya laki moja, mengi yakiwa matupu. Nilikuwa nimewahamisha wageni kutoka stoo inayofagiliwa kwenda stoo isiyo na mfagiaji. Kwenye seva ile uwezekano wa PHP kusafisha yenyewe ulikuwa umewekwa sifuri, kwa kuwa ile kazi ya seva ndiyo ilitegemewa, na kazi ile haikuijua folda yangu. Juu ya hapo nilikuwa nimeita session_start() hadi kwenye ukurasa wa mbele, na roboti za mitambo ya kutafuta zinazopita usiku na mchana hazirudishi kuki. Kila ukurasa zilioufungua zilipewa namba mpya na begi jipya ambalo hakuna atakayelifuata.

Nikaweka session.gc_probability kuwa 1 na session.gc_divisor kuwa 100, ili kwa wastani ombi moja kati ya mia lianzishe usafi, na nikaiondoa sesheni kwenye kurasa zote ambazo mtu anasoma tu. Inaanza mgeni anapobonyeza "Omba safari".

Nilipomweleza Mama haya yote, tukiwa tumekaa na Babu nje ya stoo, Mama aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Na akipoteza ile namba?"

Babu akajibu kabla yangu. "Namuuliza ndani ya begi kuna nini. Akinitajia, nampa. Ndiyo maana naandika jina kwenye buku."

Sesheni haina kaunta buku. Mgeni akifuta kuki zake, au akianza kwenye simu na kutaka kumalizia kwenye kompyuta, begi lake linabaki limefungwa mpaka lifagiliwe. Basi usiku ule nikaandika sehemu moja zaidi. Mgeni akimaliza tu kuandika barua pepe yake kwenye ukurasa wa pili, maombi yake yanahifadhiwa kwenye hifadhidata yakiwa nusu, na anatumiwa kiungo chenye tokeni, yaani namba ya siri, ndefu ya kubahatisha, inayodumu wiki moja, kitakachomrudisha alipoishia. Sesheni nikaiachia kazi yake ya kumshika mkono kati ya ukurasa na ukurasa. Bei inasomwa upya kutoka hifadhidata kila mara.

Siku ya nne baada ya kuiweka, nikiwa nafungua faili la makosa asubuhi, nikapita na kwenye jedwali la maombi. Kulikuwa na la mtu aliyechagua Machame Jumatatu kwa simu, akaishia kwenye swali la bima. Alhamisi alikuwa amerudi kwa kiungo, kwenye kompyuta, akaandika namba ya bima, akakodi mfuko wa kulalia na fimbo mbili, akatuma. Nikashuka kumwambia Babu. Alikuwa anakata namba za kundi la Ijumaa.

"Mmoja karudi, Babu. Baada ya siku tatu."

"Begi lake lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Akanipa mkasi nimsaidie kukata zilizobaki.